Kifungu cha Kumi na Tisa

Mwezi wa tatu, ukumbi wa mazoezi wa shule ya Dunmere:
nilipanga viti mia na arobaini chini ya kikapu cha mpira.
Ndiyo kazi yangu, hiyo, na deki baadaye.
Ila usiku ule nilipewa na kadi ya kijani,
maana ni mwaka wangu wa kwanza kupiga kura Maine,
na hapa mji hujitawala kwa kunyoosha mikono.

Vifungu vya mwanzo vilipita kama uji:
chumvi ya barabara, paa la zimamoto,
posho ya mkamata mbwa.
Kisha karani, Bi Lorraine Thibodeau, akashusha miwani,
akasoma cha kumi na tisa:
kwamba mji uliombe bunge la jimbo
lilinde kwa sheria hata vijito visivyotiririka mwaka mzima,
hata ardhi oevu zisizo na jina kwenye ramani.

Everett Pratt akainuka, mwenye viwanja kando ya barabara kuu.
"Agosti mimi napita pale na soksi.
Kikavu hivyo, nacho tukiite mto?"
Watu wakacheka. Hata mimi.
Theluji ya mlangoni kwetu, mwaka jana,
ni trekta lake lililoiondoa, bila kuombwa.

Nadine Soucy hakucheka. Alikuwa na daftari,
kina cha kisima chake, kila Jumapili, miaka ishirini na miwili.
Akasoma namba tu, polepole,
mpaka alipofika mwaka uliofukiwa kinamasi cha nyuma ya kanisa.
Hapo akafunga daftari.
Waliokuwa na pampu kwenye vyumba vya chini ya nyumba
wakaangalia viatu vyao.

Mimi sikusema. Kiingereza changu
huchelewa kuamka mbele za watu.
Ningesema kijito cha kwetu nacho kilikauka kila kiangazi,
na mama aliendelea kukitaja kwa jina, akikanyaga vumbi lake:
aliyelala hafutwi jina.
Ningesema kwetu neno ni moja,
mto uendao, na mto wa kulalia.
Nilidhani ni ajali ya lugha
hadi nilipokiona kinamasi cha nyuma ya duka la mbao,
Aprili, maji yakishuka mlimani kwa hasira,
yakalaza kichwa kwenye matete,
asubuhi yakaondoka yamenyamaza.
Mto nao una mto wake.
Unyang'anye, tuone nani atalala.

Kadi zilihesabiwa mara mbili.
Sabini na moja kwa sitini na sita.
"Ni barua tu," Pratt alisema, akivaa kofia.
"Ni barua tu," Nadine akakubali. "Stempu ninazo."

Wakaenda. Chini ya kila kiti, kidimbwi,
theluji iliyoyeyuka kwenye viatu,
na haikujulikana upi wa ndiyo, upi wa hapana.
Ndoo ilijaa mara tatu.
Siku zote huimwaga kwenye mfereji wa uani,
pale watoto walipochora samaki wa buluu.
Nilifika hadi mlangoni.
Nikageuka nayo, ikinilowesha suruali, hadi sinki la jikoni,
mlango ukabaki wazi nyuma yangu,
na kule, ng'ambo ya uwanja, chini ya barafu,
hicho wanachobishania kama ni mto
kilikuwa kinaongea peke yake.