Si kwa Matumizi ya Binadamu

Kichupa kimefika Turku ndani ya barafu kavu,
kimefunikwa tabaka tatu kama mwali.
Ndani yake unga mweupe, miligramu kumi,
haujazi hata ukucha wa kidole cha mwisho.
Mwanafunzi wangu Eerik akashangaa: "Ni huu tu? Kwa bei ile?"
Nikamwambia sindano nayo ni ndogo,
muulize aliyewahi kuikalia.

Jina lake refu, lina tarakimu na vistari,
hulimalizi kwa pumzi moja.
Sisi tunauita Mchagua,
na tunaomba yasitukute ya mchagua nazi.

Dada yangu Aune nilimweleza hivi kwenye simu:
seli ina milango. Estrojeni, ile ya mwilini,
hupiga hodi kwa alfa, hupiga hodi kwa beta,
kote hukaribishwa, kote huketi, kote hula.
Alfa akizidi kushiba, titi hufura,
na pengine uvimbe huota pasipopandwa kitu.
Unga huu hupita mlango wa alfa kama hauuoni,
hodi yake ni kwa beta.
Si kabisa. Sipendi uongo wa matangazo.
Mara moja moja hukosea mlango,
lakini nani kati yetu hajawahi, usiku, kukosea mlango?

Aune akanyamaza, kisha akauliza:
"Na wewe, Tuulikki, utakufaa?"
Nikamsomea lebo, neno kwa neno:
kwa utafiti wa maabara tu,
si kwa matumizi ya binadamu.

Mimi na panya wangu kumi na wawili tumepasuliwa.
Wao Jumanne, kwa mkono wangu, dakika tisa kila mmoja.
Mimi miaka miwili nyuma, kwa mkono wa daktari
ambaye sikumwona uso ila nyusi.
Ovari zao nilizitia kwenye ndoo ya manjano.
Zangu sikuuliza zilikokwenda.
Tangu hapo nalala dirisha wazi, Januari,
nje nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na shuka linalowa kama nililifua nikasahau kulikamua.
Mume wangu Veikko analala na kofia ya sufu.
Hasemi neno.
Kofia ndiyo inayosema.

Saa nne asubuhi, taa hafifu.
Jukwaa lenye umbo la msalaba, juu ya sakafu:
mikono miwili ina kuta, miwili haina.
Panya asiye na ovari hukumbatia ukuta.
Namba tatu, ukutani. Namba nane, ukutani.
Namba tano hata kichwa hakutoa.
Sijui nani kapewa unga, nani kapewa mafuta matupu;
orodha iko kwa Eerik, kaifungia drooni,
maana ndivyo kazi yetu itakavyo: jicho lihesabu,
moyo usijue.

Namba kumi na moja akatoka.
Akanusa ukingo. Akarudi. Akatoka tena,
akaenda hadi mwisho wa ubao usio na kuta,
akasimama, masharubu yakitikisika,
akichungulia chini kama aliyesikia akiitwa.
Sekunde arobaini na moja.
Nikaandika. Kalamu ikatetemeka, nikaikaripia:
panya mmoja si jibu. Ni panya mmoja.

Jioni, kabla ya kukirudisha kichupa kwenye friza,
niliupima tena unga, ingawa hakuna aliyeniagiza.
Miligramu saba nukta mbili.
Sikuchukua hata chembe.
Nayasema haya ili ijulikane kwamba nilipima.

Kisha nikaenda nyumbani kwa miguu, kupitia daraja la Aura,
upepo ukiingia kotini bila hodi.
Katikati ya daraja moto ukanipanda,
kifuani, shingoni, hadi masikioni,
nikafungua vifungo vyote, vyote,
watu wakinipita wamejifunika hadi puani.
Nikasogea ukingoni. Chini, barafu ya mto ikilia.
Sikuhesabu sekunde.