Mbaazi za Kuhesabia

Alhamisi, Magharibi ikishasaliwa,
ghorofa ya pili, juu ya duka la betri za magari, Tononoka,
twapanga viti vya plastiki nusu duara.
Feni moja yazunguka. Ya pili yatazama tu.

Mie nimepewa kazi isiyo na wapenzi:
bakuli la bati mapajani, mbaazi kavu kiganjani.
Kila asemaye "yaani", tang!
Kila "aaa" ya kuvutia pumzi, tang!
"Basi sasa hivyo", tang, tang, tang,
maana hayo ni matatu, hata ukiyameza kwa mkupuo.

Bi Mwanasiti ndiye mshika saa.
Kadi zake kazikata kwenye boksi la viatu, kazipaka rangi:
kijani dakika ya tano, manjano ya sita, nyekundu ya saba,
na baada ya nyekundu huanza kupiga makofi, polepole,
nasi humfuata, hata kama msemaji
ndio kwanza anafika pale mamake alipougua.
Alikuwa karani wa mahakama.
"Miaka thelathini nimesikiza mawakili," husema.
"Sijaona aliyekosa maneno. Nimeona waliokosa kikomo."

Mada za papo hapo hutoka ndani ya kofia ya Shariffo.
Leo Kadzo alikunjua karatasi: *Mtetee mbu.*
Dakika mbili. Akasimama, akajikuna kiwiko,
"Ndugu mwenyekiti, mshitakiwa ni mama mja mzito."
Kicheko kikamwagika hadi ngazini.
Bakuli langu kimya.

Kisha hotuba ya kuandaliwa.
Ngumbao, wa mizani ya malori kule Changamwe.
Mwezi mzima amekuwa akikaa karibu na mlango.
Alishika mgongo wa kiti, akafungua kinywa:
"Ba... ba... ba..."

Nikainua mbaazi.

"Ba... ba..."

Mbaazi ikalowa jasho vidoleni.
Kanuni zimebandikwa ukutani, kumi na moja,
nimezihifadhi zote, na hakuna hata moja
iliyotaja neno linalobisha hodi kutokea ndani.
Bi Mwanasiti alinitazama mie, hakutazama saa.

"Baba yangu," akasema Ngumbao, "alikuwa dalali wa mnada.
Akiuza kochi la watu kwa pumzi moja.
Na mimi, pale mkekani,
nikiomba chumvi, wa... wa... wali hupoa."
Tukainamisha nyuso.
Akacheka yeye kwanza, ndipo tukapata ruhusa.

Kijani kilipanda akiwa hajamzika babake.
Manjano. Nyekundu.
Nyekundu ikateremka kwenye paja la Bi Mwanasiti
ikalala kifudifudi,
na mwanamke asiyemsamehe hata imamu sekunde mbili
akawa anatafuta miwani yake mkobani,
ilhali ameivaa.

Dakika kumi na moja na nusu.

Mtathmini alikuwa Mwakireti. Desturi yetu
ni utamu, uchungu, utamu, kama kumnywesha mtoto kwinini.
Akaanza na uchungu, alivyo:
"Umeitazama mno sakafu. Sakafu haitakupigia makofi."
Akanyamaza, akaigeuza karatasi yake, nyuma hamna kitu.
"Mnada ule wa mwisho, ule wa kitanda chake mwenyewe.
Wiki ijayo usiubadilishe. Urudie tu, ukitutazama."

Nikaitwa kusoma hesabu.
Shariffo, tisa. Kadzo, sufuri. Mwenyekiti, kunradhi, kumi na nne.
"Na Ngumbao?"
Ile moja nilikuwa nayo bado, imelainika
kama iliyolowekwa usiku kucha.
"Ngumbao," nikasema, "yaani, mie naona..."

Akanyoosha mkono kutoka kiti cha pili,
akaichukua kiganjani mwangu,
akaitia bakulini.

Tang!

"Moja," akasema, bila kukwama. "Yako."