Duka la Aikande

Walituvika kofia, mimi na mwanangu,
nyeusi, za kubana, kama za waogeleaji,
zenye vitaa vyekundu vinavyokonyeza juu ya masikio.
Aikande akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini.
"Baba, umekuwa konokono."

Chumba kilikuwa nyuma ya kliniki, njia ya Rau.
Mlima siku hiyo haukutaka wageni,
ulijivuta wingu hadi kidevuni.
Jamvi. Ndoo ya vizibo vya soda. Magunzi mawili.
"Chezeni kama nyumbani," akasema binti Nkya wa koti jeupe,
akazama nyuma ya kompyuta yake,
kana kwamba mtu huweza kucheza kama nyumbani
na kichwa kimefungwa nyaya.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko Kiusa.
Nashinda na lenzi jichoni
nikisikiliza vitu vidogo vinavyokosana.
Kwa hiyo nilijua, au nilidhani najua,
namna ya kuvifanya viwili viende pamoja:
unafungua, unapuliza vumbi,
unamlazimisha aliyechelewa.

Ndivyo nilivyoanza.
Panga vyekundu huku, Aika. Hesabu.
Hapana, hicho ni cha kijani.
Akapanga. Akapiga miayo.

Halafu akapindua ndoo, akaikalia,
akatenga vizibo mafungu mafungu
kama bibi yake anavyotenga nyanya Mbuyuni,
akauliza bila kunitazama, "Nikupimie nini?"
Sukari, robo.
"Sukari imepanda."
Imepanda lini?
"Sasa hivi."
Nikalia bei. Akanitikisia kichwa, kichwa cha mama yake kabisa.
Nikatoa gunzi, noti ya elfu kumi;
akaliinua kwenye mwanga, akalikagua, akalirudisha.
"Sina chenji. Rudi kesho."
Basi nikaenda hatua mbili, nikalala, nikakoroma,
nikaamka, nikainua mkono kubisha
na kabla hodi haijanitoka
akasema, "Karibu."

Simu ikatetema mfukoni. Mteja na saa yake.
Niliangalia tu, sikupokea.
Niliporudisha macho, mwenye duka alikuwa anavua kiatu.
Pamefungwa, bila tangazo.
Nikapanga foleni upya, peke yangu, kimya,
hadi alipokohoa kidogo,
kile kikohozi cha kumwita mtu bila kumwita.

Baadaye binti Nkya akatuonyesha mistari miwili,
wangu wa bluu, wa mtoto wa machungwa.
Mwanzoni kila mmoja na safari yake.
"Hapa," akagusa kwa kalamu, "mnaanza kushikana."
Palipotetema simu, pengo,
dogo, ungeweza kulifunika kwa ukucha.
Nililifunika kwa ukucha.

Nikauliza swali la fundi: nani anamfuata nani?
Akasogeza, akarudisha, akasogeza.
"Sehemu hii ya duka? Wa machungwa ametangulia."
Wa machungwa alikuwa chini ya meza
anamaliza biskuti za watu.

Baba yangu, Ndewario, hakuwahi kucheza nasi.
Ila usiku mmoja alitengeneza baiskeli, nikamshikia kurunzi,
na mwanga wangu ukawa unafika kwenye nati
kabla hajasema "huku".
Hakusema "huku" usiku ule wote.
Hakuna aliyetuchora.

Kesho yake nilichelewa kibandani.
Mwenye saa alikuwa amesimama mlangoni, uso umekunjamana.
Nikamwambia nilipitia dukani.
"Duka gani hilo, alfajiri yote hii?"
Nikajipapasa kutafuta ufunguo.
Mfukoni, gunzi.