Dawati la Vilivyopotea

Maktaba walitaka mtu aliyewahi kupanga vitabu.
Mkahawa ulitaka mtu wa saa kumi na moja alfajiri,
na mimi saa hizo ni maiti yenye soksi.
Kwenye bwawa niliulizwa kama najua kuogelea;
nilisema najifunza. Yule kijana akacheka, akafunga faili.
Ombi la tisa ndilo lililojibiwa,
na Lorraine Beaulieu, miwani ikining'inia kifuani,
aliniuliza swali moja tu:
"Una subira na watu waliokasirika?"
Nikamwambia nimekulia Eveleth, na kaka wanne wacheza hoki.
Akanipa ufunguo.

Basi nikawa karani wa vilivyopotea,
chini kabisa ya jengo la wanafunzi, Duluth,
dola kumi na mbili kwa saa,
kando ya bomba la joto linalokoroma kama mgeni aliyeshiba.
Glavu za mkono wa kushoto: thelathini na sita.
Za kulia: kumi na nne. Sijui mikono ya kulia huenda wapi.
Chaja, chupa, jino la bandia ndani ya leso,
pete iliyochongwa "Kwa Orville, 1961"
ambayo hakuna aliyekuja kuiulizia.
Kila kitu nakiandikia lebo: tarehe, rangi, kilipookotwa.
Siku thelathini. Kisha kinakwenda.

Mwanzoni zilikuwa saa kumi kwa wiki. Nilisomea palepale,
kemia juu ya goti, kengele ya mlango
ikinikata katikati ya sentensi.
Kisha gari la mama likazimika, likagoma kabisa.
Hakuniomba kitu. Alisema tu, "Baridi ya mwaka huu ina meno,"
na kimya kilichofuata nilikisoma vizuri kuliko kitabu.
Nikaomba saa kumi na tano. Nikaomba ishirini.
Duane alipoacha zamu ya Jumapili, niliidaka kabla haijagusa chini.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami niliinama hata nikasahau kunyooka.

Jaribio la kwanza: hamsini na nane.
La pili silitaji.
Profesa Wojcik aliandika pembeni, "Njoo unione."
Sikwenda. Saa zake za kuonana na wanafunzi
zilikuwa zamu yangu.

Kisha Machi, siku ya kusafisha rafu.
Nikashika daftari, lebo yake mwandiko wangu:
"Februari 9, usiku. Kijani. Halina jina. Limeokotwa ngazini."
Nikalifungua kumtafuta mwenyewe, kama nilivyofundishwa,
tazama jalada kwa ndani, kung'uta kurasa,
na humo nikakuta kaboni zimeshikana mikono,
pete za pembe sita, doa la supu ya nyanya,
na maneno yaliyolala upande kama mlevi:
"uliza kuhusu hii."

Ilinichukua pumzi tatu kuitambua supu.

Mtu alilileta. Nililipokea. Nilimshukuru, nadhani.
Nikalipanga kati ya skafu mbili,
na mwezi mzima nikaketi hatua mbili kutoka lilipo,
usiku nikirudi kulitafuta chini ya kitanda.

Lorraine hakucheka. Hilo sitamsahau.
Alivuta ratiba, akachukua kifutio kabla ya kalamu.
"Ngapi?"
"Kumi na mbili," nikasema, na nikazisikia dola
zikidondoka moja moja.
"Na nyumbani?"
"Nitampigia mama." Sikujua nitaanzia wapi.

Lakini kanuni ni kanuni. Akanisukumia fomu.
Nikasaini pa aliyekabidhi.
Nikasaini pa mwenye mali.
Palipotakiwa uthibitisho
nikaandika: supu.