Daftari la Sifuri

Kila asubuhi, saa moja,
Eladia Chunga huvuka uwanja wa shule,
hukiinamia kipimo cha mvua
kama achunguliaye kisima,
kisha huandika: sifuri.

Sifuri jana. Sifuri juzi.
Kurasa zimejaa mayai yasiyoanguliwa.
Hapa Sechura mchanga ndio mwenyeji,
sisi wapangaji.
Bahari ipo, hatua chache, lakini ni baridi:
maji yapandayo kutoka vilindini
huleta dagaa kwa mamilioni
na kulinyima wingu nguvu ya kunyesha.
Samaki tele chunguni, tone hakuna paani.

Nani angedhani siri iko mbali vile,
ng'ambo ya maji yasiyo na ng'ambo?
Pepo za mashariki husukuma maji ya moto
kuelekea Asia, mchana na usiku,
kama mama afagiaye maji ya deki,
hata bahari kule ikasimama
juu kuliko huku, kiasi cha goti.
Ufagio ukichoka, maji hurudi.

Mwaka ule ulichoka.

Dagaa walijua kwanza, wakahama bila kuaga.
Mnandi walikufa gatini, matumbo matupu.
Teodosio, mchunga mbuzi,
aliingiza mguu baharini akautoa upesi:
"Supu!" akasema. "Bado chumvi tu."
Ilikuwa karibu na Krismasi,
na wavuvi wa zamani waliyaita maji hayo Mtoto,
kwa kuwa huja na sikukuu,
na kwa kuwa, nadhani,
mtoto akililia wembe hupewa.

Usiku wa Januari bati zilianza kusema.
Watoto wa shule waliamka wakilia,
hawakuijua sauti ile.
Asubuhi kipimo kilikuwa kimefurika.
Eladia alisimama na kalamu, maji magotini,
akaandika neno lisilo na safu yake:
*Sijui.*

Wifi yake Basilia akapiga simu kutoka Puno,
kule juu ambako hata pumzi ni ya kudunduliza.
"Huku mbingu imekunja ngumi, wifi.
Mwezi Juni tulikesha baridini kukitazama Kilimia,
tukakikuta kimefifia, kama kimejitanda shela.
Tukachelewa kupanda, kama tulivyofunzwa.
Hata hivyo viazi vimetoka kama gololi.
Niambie kweli: mmetuibia?"
Eladia alisikia paa likivuja ndani ya simu yake.
"Njoo uichukue," akajibu.
"Imekwenda na daraja, na jiko, na kuku,
na kaburi la mama."

Wakanyamaza wote wawili.
Muda wa maongezi ukaisha.

Machi, jangwani, ziwa.
Si sharabi: ziwa lenye mawimbi,
lenye upeo, lenye ndege waliosikia habari.
Mbuzi kumi na wanne wa Teodosio walizama;
waliobaki aliuza, akanunua wavu,
akajifunza kuogopa maji akiwa na miaka hamsini.
Pale alipozoea kupiga mluzi, sasa alitega,
na mkizi waliruka kwa hasira hadi mapajani mwake.
Tijara ya mchunga mbuzi!
Alicheka mpaka akakumbuka.

Pepo zilishika tena ufagio.
Bahari ikapoa, dagaa wakarejea
kama watu wasiodaiwa.
Ziwa likapungua, likawa dimbwi, likawa chumvi,
likawa mahali watu wanapoonyesha kwa kidole.
Mashua imebaki mchangani, ubavu chini;
mbuzi wapya hulala kivulini mwake.

Eladia ameandika sifuri tena,
ila ya sasa huitia nukta katikati.
Mkaguzi kutoka Piura aliuliza ni alama gani.
"Kiini," alisema, akafunga daftari.

Jioni ile, Juni, akampigia wifi.
Simu iliita, ikaita.
"Basilia? Umekiona? Kikoje?"
"Subiri," ilisema sauti, ikihema.
"Ndiyo kwanza napanda kilima."