Yangu Mie, au ya Nyumba?

Nimekuja Kangagani na mizani ya betri,
jedwali limekunjwa mara nne mkobani,
na swali moja:
jana, tangu kucha mpaka kulala, ulikula nini?

Bi Mize anakuna nazi, hanitazami.
"Yangu mie, au ya nyumba?"
Yako.
Mbuzi inakwaruza, inakwaruza.
"Ya nyumba naijua. Vibaba viwili vya mchele,
muhogo wa tui mchana, dagaa wa elfu moja.
Yangu sijapata kuipima."

Basi tunapima. Anapakua kama alivyopakua jana:
sinia ya wanaume, sahani ya Time na wadogo zake,
kisha upawa unagonga ukoko.
Huko chini ndiko liliko fungu lake.
Tarakimu zinatetemeka, zinatulia.
Dagaa wanne. Nawahesabu tena.
Mmoja hana kichwa.

Nakunjua jedwali juu ya mkeka.
Kushoto wanaume, kulia wanawake,
na juu kabisa, kwa herufi nene:
KWA WATU WENYE AFYA.
"Ndo nani hao? Wa wapi?"
Hawana mtaa, namwambia. Ni watu wa hesabu,
hakuna aliyewapelekea posa,
hakuna aliyewachimbia kaburi.

Naanza kueleza kama nilivyofundishwa chuoni, naacha.
Naanza upya, kama fundi cherehani:
namba hii haikukatwa kwa kiwiliwili chako.
Ni kanzu iliyoshonwa pana makusudi,
wakiivaa watu mia, tisini na saba iwaenee,
na wengi wao iwapwaye.
Kwa hiyo ukipungukiwa leo, si kwamba u mgonjwa.
Ukipungukiwa mwaka mzima,
mwili utakuja kudai, nao haujui kusamehe deni.

"Na hao watatu waliobaki?"
Wao huhitaji zaidi.
"Basi mie nimo humo,"
anasema, bila uchungu wowote,
kama mtu aliyezoea kuhesabiwa mwisho.

Chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa kutwa,
pamoja na ile waliyokuja nayo dagaa wenyewe.
"Hapo mmetuonea," anasema,
na kwa mara ya kwanza tunacheka sote.

Kidole changu kinashuka mpaka madini ya chuma.
Mwanamme: miligramu nane.
Mwanamke aliye bado katika siku zake: kumi na nane.
Nasoma tena, kwa sauti,
maana kule jikoni nimesikia kisu kimesita juu ya muhogo.
"Kumshinda baba?" Time anauliza, kichwa tu mlangoni.
Zaidi ya mara mbili ya baba.

Hakuna anayesema kitu.
Nusu ya nazi imebaki kifuuni.
Mie nami najitia kuandika:
*mtoriro, nyuma ya kisima, haukupimwa.*
Naongeza kwa mdomo kwamba ukamuliwe ndimu,
na chai isubiri, isiusukume mlo mara moja;
maneno madogo, ya kuziba pengo,
ingawa ni ya kweli.

Siku ya tatu narudi, ndio utaratibu.
Mzee Shaame yuko barazani na sinia yake,
anakula, anaitikia salamu, hana neno.
Sahani ya Bi Mize inakuja mbele ya mizani,
na leo haikutoka chini ya chungu,
wali wake mweupe, hauna ukoko.
Dagaa saba.
Nani kapakua? nauliza.
Bi Mize anatazama makuti ya paa
kama aliyesikia mvua.
Kule jikoni Time anaosha upawa,
anauosha kwa muda mrefu kuliko unavyostahili.

Fomu ina kisanduku cha umri, cha uzito,
cha mimba, cha kunyonyesha.
Ya aliyeshika upawa haina.
Naandika saba,
na pembeni, kwa penseli, hoja ndogo
ambayo Chake hawataisoma.