Rangi ya Pipa

Pipa la kwanza nililipaka rangi ya geti,
buluu iliyobaki Damari alipopaka mlango wa kanisa.
Lilipendeza asubuhi moja.
Saa sita rangi ikavimba kama kiganja kilichomwagikiwa uji,
saa saba ikabanduka magamba,
na mteja wangu pale mnadani Msalato,
mchuuzi wa ng'ombe kutoka Kongwa,
akatafuna ubavu wa mbuzi, akanyamaza,
akatoa ulimi wenye ganda la buluu.
Alilipa. Hilo ndilo lililoniuma.

Leo nipo Majengo, duka la Shabiri,
makopo yamejipanga kama watahiniwa.
Hii ya mafuta inang'aa, inaapa kwa mvua,
ila na moto hawajawahi kuonana.
Hii ya bati: mwaka mmoja juani, basi.
Hii ya fedha, ya mabomba ya moshi ya malori,
nyuzi mia sita, anasema Shabiri,
anagonga kopo kwa ufunguo kama anayepima tikiti.
"Nyeusi ipo?"
"Ipo. Kopo dogo kuliko hilo, bei kubwa kuliko hiyo."
Elfu ishirini na nane.
Nikaigeuza bei kuwa mapaja ya mbuzi:
mawili na kipande.

"Ndani usipake kitu," anasema,
"ndani ni mafuta ya alizeti na moshi tu.
Nje sugua mpaka chuma kijione.
Rangi ya moto haikai juu ya rangi nyingine.
Haitaki uke wenza."

Hapo ndipo niliponyamaza.

Pipa hili la pili ni la baba.
Limebeba maji miaka ile bomba la Chang'ombe likikohoa hewa,
likipanda mkokoteni saa tisa usiku,
likirudi nusu, likirudi tupu,
likirudi na baba amekaa juu yake
akitukana kwa Kigogo cha ndani ili tusielewe,
nasi tulielewa.
Ubavuni aliandika kwa brashi ya viatu:
MAJI. LA CHEDEGO. USIKALIE.

Nilisugua siku mbili.
Msasa wa kwanza ulikula USIKALIE,
wa pili ukala jina.
MAJI iligoma hadi jioni,
hasa ile J, mkia wake aliunenepesha.
Thina, kitambaa, pumzi.
Chuma kikatoka kijivu, uchi,
kama kichwa kilichonyolewa msibani.

Mkono wa kwanza wa rangi nilipaka mwembamba.
Upepo wa Dodoma ukaniletea vumbi lake,
nikafuta, nikapaka tena, ukaleta jingine,
nikalihamishia pipa nyuma ya choo.
Mkono wa pili kesho yake, na kifuniko juu.
Kisha moto mdogo wa vijiti vya mizabibu,
maana huko Hombolo wamepogoa, matawi wanagawa bure:
moto wa kubembeleza, saa nzima,
halafu wa kati, halafu wa kweli.
Rangi ilinuka, ikatoa jasho, ikatulia.
Niliikwaruza kwa ukucha. Haikujibu.

Ila moshi haukutoka.
Ulizunguka humo ndani, moto ukaanza kuzimia.
Kifuniko! Baba alikitoboa jina lake
kwa msumari wa inchi tatu, tundu kwa tundu,
kisiibwe kwenye foleni ya kisima,
nami kwa uchu wa kupaka
nimeyaziba yote.

Nikapekua kopo la misumari.
Wa inchi tatu ulipita bila kulazimishwa.
C. H. E.
Kwenye D moshi ukanipiga machoni.